Fundi wa Miguu ya Nyuma

Ukiingia magereji ya Barka, mji usio mbali na Maskati, na gari lako, mafundi wengine watakuuliza lina nini. Muhanna bin Jaifar, ambaye wengi humwita Baba Jaifar kwa jina la mwanawe, hakuulizi. Ataipita boneti kama anayepita nyumba ya watu asiosema nao, atakwenda moja kwa moja nyuma, atakunja kanzu, atachuchumaa, kisha atalisukuma buti kwa kiganja na kutega sikio. Akishamaliza kulisikiliza gari ndipo anakumbuka kukusalimia wewe.

Kazi yake ni hiyo tu: nyuma. Springi, shokapu, bushi, na ile mikono ya chuma inayolishika gurudumu lisijiendee linakotaka. Mwambie taa ya mbele haiwaki, atakuonyesha gereji ya jirani kwa kidevu. Vijana wenye magari ya kuteleza, wale ambao Ijumaa alasiri huyapeleka uwanjani yakaenda kiubavu kama kaa mpaka waamuzi wapotelee kwenye moshi wa matairi, wanamwita Fundi wa Nyuma. Wana jina lake jingine pia, fupi zaidi, ila mkewe Shinuna amelipiga marufuku nyumbani kwake.

"Mbele ni sura," Muhanna huwaambia wakimcheka. "Tabia ya gari iko nyuma."

"Kweli kabisa," hudakia Dadkarim, Mbalushi wa matairi mwenye kibanda ubavuni mwa gereji, mtu ambaye hajawahi kuliacha neno la mwenzake lipite bila kulipiga kofi. "Ndiyo maana mimi nilipokwenda kuposa nilitazama..."

"Dadkarim!"

"...nilitazama tabia, Baba Jaifar. Tabia. Wewe ulidhani nini?"

Muhanna hakuzaliwa na wazimu huo. Ujanani aliendesha lori la maji, akipanda nalo mlima wa Jabal Akhdar kuvipelekea vijiji vya juu. Siku moja kwenye kona ya kuteremka, tangi likiwa nusu, maji yalikimbilia upande mmoja na nyuma ya lori ikaamua kutangulia. Lori likaja kusimama limetazama lilikotoka, gurudumu moja likining'inia nje ya barabara na kuzunguka taratibu kama linalofikiri. Mwingine angemshukuru Mungu akabadili kazi. Muhanna alimshukuru Mungu, akashuka, akaingia uvunguni kutazama sababu. Akakuta bushi imelika ikabaki ganda. Kipande cha mpira kisichozidi kikombe cha kahawa ndicho kilichotaka kumfanya Shinuna mjane kabla hajaolewa. Tangu siku hiyo hakiamini kitu chochote cha nyuma mpaka akikague. Shinuna husema hata sokoni mumewe hutembea nyuma yake, na watu hudhani ni mapenzi, kumbe ni ukaguzi.

Ila anajua. Hilo hata maadui zake wanakubali, na maadui zake ni wale tu waliowahi kumletea gari ambalo fundi mwingine ameshalichezea. Gari la kuteleza halitaki ulaini lililotoka nao kiwandani. Kiwanda hutia bushi laini ili abiria asimwage chai. Muhanna huzing'oa, akapiga ngumu. Huitoa mikono ya kiwandani, iliyokatwa urefu mmoja kwa madereva wa dunia nzima, akafunga ile unayoweza kuirefusha na kuifupisha kwa spana, kama mtu anavyosogeza mkanda wake kabla na baada ya Idi. Wengi huishia hapo. Wanafunga vyuma vipya vinavyong'aa, wanavipiga picha, wanakwenda uwanjani, gari linawakabidhi kwa ukuta. Kwa Muhanna kufunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima gurudumu linavyosimama, na kupima kwake kuna sharti: atakayeendesha akae kitini. Nduguye hapana. Gunia la mchanga hapana.

"Mchanga haupumui," anasema. "Wala haugeuzi shingo."

Kuna kijana wa Maskati, wa nyumba kubwa, aliyemtuma dereva wa baba yake aje akae badala yake kwa kuwa gereji ina joto. Muhanna akalipima gari barabara kwa uzito wa yule dereva, akamkabidhi ufunguo. "Hongera," akamwambia. "Hili sasa gari lako. Yule mwingine mwambie atafute la kwake."

Basi sharti hilo, lililomshinda hata mtoto wa wakubwa, lilikuja kuvunjwa na kikombe cha kahawa.

Mwenye kisa ni Yaarub, kijana mwembamba ambaye akikugeukia ubavu unaanza kumtafuta. Ana Nissan ya kijivu ya milango miwili, ile wanayoiita Zedi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Na ana kaka mkubwa, Barghash, aliyemlea tangu baba yao afariki. Barghash ni dalali wa mbuzi mnadani, mnene wa mwili na mnene wa sauti. Akisema "bei!" upande huu wa soko, mbuzi wa upande ule hukaa chini. Miaka yote hakuwahi kukanyaga gerejini wala uwanjani. Kwake yeye mchezo wenyewe ulikuwa kuchoma matairi mazima mbele ya watu wasio na kazi.

Mwaka mmoja binamu yao wa Ibri akaitaka Zedi ainunue. Barghash akasema neno lake.

"Ijumaa nitakuja uwanjani nitazame kwa macho yangu. Nikiona ufundi, gari ni lako, sitalitia tena mdomoni. Nikiona moshi mtupu, Jumamosi binamu yako anakuja kulichukua."

Yaarub hakubishana. Nyumbani kwao neno la kaka mkubwa halina rufaa. Aliomba kitu kimoja tu: kaka aje kwanza gerejini aone linavyotengenezwa. Na Jumatano, kwa ajabu ya watu wote, Barghash akaja.

Alilikuta gari limesimama kwenye sakafu ya kupimia, mikono mipya imeshafungwa nyuma, nyuzi zimevutwa ubavuni kutoka mbele mpaka nyuma, na miguu ya Muhanna inachungulia uvunguni. Alilizunguka mara moja na bakora yake, kimya, kama anavyomzunguka mbuzi wa mtu asiyemjua. Yaarub, kwa furaha ya kumwona, akafanya ambalo mtoto yeyote mwenye malezi angefanya. Kwao kitu kipya cha nyumba hukaliwa kwanza na mkubwa, akasoma bismillahi. Akaufungua mlango wa dereva.

"Karibu, kaka. Tubarikie."

Barghash akajishindilia katika kile kiti chembamba. Gari likashuka upande wa kushoto kama ngamia anayepiga goti. Akasoma, akapangusa uso, akashika usukani, na tabasamu likamponyoka kabla hajalizuia. Na hapo hapo Dadkarim, ambaye ukarimu wake hausubiri kuulizwa, akatokea na birika la kahawa na sahani ya tende.

Sasa mtu aliyeshika kikombe hainuliwi. Unamngoja akitikise mwenyewe kukuashiria ametosheka, ndipo dunia iendelee. Barghash hakukitikisa. Alikunywa, akajaziwa, akatema kokwa, akasimulia habari za mbuzi wa Idi iliyopita, akajaziwa tena.

Muhanna akatoka uvunguni. Akamtazama Barghash pale kitini. Akamtazama Yaarub, na macho ya Yaarub yakasema waziwazi: usimwinue, nakuomba, miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza anacheka ndani ya gari langu. Na gari lilitakiwa uwanjani kesho yake asubuhi, likaguliwe na kubaki huko mpaka Ijumaa, kwa hiyo kazi ilikuwa ya kumalizwa siku ile ile. Neno lilimfika Muhanna kwenye ulimi, akalimeza. Akarudi uvunguni, akavuta nyuzi, akazungusha spana, akalisimamisha kila gurudumu sawasawa lilivyotakiwa.

Kazi ile, kama dereva angekuwa Barghash, ilikuwa safi kuliko zote alizopata kufanya. Tatizo ni kwamba Barghash hakuwa anashindana.

Alhamisi mchana Shinuna alimtazama mumewe akilichezea donge la wali bila kulitia mdomoni.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Huyo Hakuna mbona amekaa nasi mkekani tangu jana?"

Akamwambia. Shinuna akachambua mfupa wa samaki, akauweka kando.

"Kwa hiyo umemwogopa Barghash."

"Nimemheshimu."

"Sawa. Umemheshimu. Na gari nalo litamheshimu?"

Ijumaa, watu walipokwisha kuswali na kula na kujinyoosha kidogo, uwanja ulijaa. Barghash alikaa safu ya mbele kabisa, bakora katikati ya magoti, kofia mpya kichwani. Alipomwona Muhanna akapigapiga benchi kando yake. "Njoo hapa, fundi. Nitakalokuwa silijui utanieleza." Dadkarim akajibana upande wa pili na mfuko wa mbegu za kutafuna, maana hapitwi na jambo.

Yaarub akaingia kwa mzunguko wa kwanza. Kuanzia kona ya kwanza Muhanna alijua. Kushoto gari lilikuwa linateleza kabla halijaombwa. Kulia likagoma, likakaza shingo kama punda mbele ya bonde lenye mafuriko. Kijana alilibembeleza, akalitisha, akalibembeleza tena. Kwenye kona ya mwisho likamgeuka likasimama limetazama lilikotoka, na Muhanna akauona tena ule mlima wa ujana wake. Watu wakacheka. Mmoja nyuma yao akapaza sauti: "Mwambieni uwanja uko upande huu!"

Barghash hakucheka. Alikuwa amekodoa macho chini, kwenye magurudumu.

"Mbuzi huyu anachechemea," akasema.

Muhanna akageuka.

"Maisha yangu yote nimesimama katikati ya duara, mbuzi wanazungushwa mbele yangu," Barghash akaendelea. "Siangalii pembe mimi, pembe ni za watoto. Naangalia miguu ya nyuma. Ule wa kushoto haukanyagi wote, unakanyagia ukingo. Mdogo wangu hana kosa, nimemwona anavyohangaika. Ila gari ni kilema, na kilema hakai zizini kwangu. Kesho liende Ibri." Akamtazama Muhanna usoni. "Nawe, Baba Jaifar, watu wananiambia hakuna kama wewe. Ndiyo kazi yenyewe hii?"

Uongo ulikuwa mwingi pale, wa kuchagua. Angeweza kusema lami ina joto. Angeweza kusema vyuma vipya havijazoeana. Kila mmoja ungepita, jina lake likabaki salama, na Zedi ingekwenda Ibri kwa adabu zote. Ukweli ndio uliokuwa na shida, kwa sababu ulipaswa kusemwa mbele ya safu nzima ya watu, kumhusu kaka mkubwa wa watu na kiwiliwili chake.

Muhanna akavua kofia, akaipachika gotini.

"Gari si kilema, Bwana Barghash. Mimi nimelipima vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Siku ile ulikuwa umekaa wewe kitini. Ilitakiwa nikuinue, akae yeye. Nikakiona kikombe mkononi mwako, nikaona haya. Nililisimamisha gari kwa uzito wako. Yeye akikaa, upande wa kushoto unapanda juu na gurudumu linalala vibaya."

Dadkarim aliacha kutafuna. Wenyeji wa Barka wanaweza kukuapia kwamba hilo halijapata kutokea.

Barghash akalitafakari jambo hilo polepole.

"Yaani mimi ndiye niliyepimwa."

"Ndiyo."

"Badala ya mbuzi."

"Badala ya mbuzi."

Bakora ikapigwa sakafuni, watu wa safu mbili wakaruka. "Mnadani nimemfukuza mtu kwa kupima mbuzi huku mwenyewe kaegemea mizani! Nimemfukuza mchana kweupe! Na wewe umenipima mimi, mzima, na kahawa tumboni, na tende za huyu Mbalushi!"

"Tende zilikuwa nyingi," Dadkarim akakiri kwa sauti ndogo. "Nilihesabu kokwa, nikanyamaza."

Kicheko cha Barghash kilianzia tumboni, kikachukua muda kufika juu kwa kuwa safari ni ndefu. Kilipofika, safu nzima ilipumua.

"Mbona hukuniambia nitoke?"

"Ungetoka?"

Barghash akafikiri kwa haki. "Ningetoka. Kisha ningekwenda zangu, nisirudi." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba cha jirani yake, ambaye hakuthubutu kulalamika. "Bado ana zamu nyingine?"

"Moja. Akiipita anaendelea. Nataka uje ukae tena."

"Mbele ya watu hawa wote?"

"Mbele yao. Vyombo vyangu viko gerejini. Hapa nina uzi na spana tu. Pahali pekee ambapo najua gurudumu lile limesimama sawa ni ukiwa umekaa wewe. Nikipaona, nitapanakili."

Ndivyo Barka ilivyomwona dalali wa mbuzi akivuka uwanja kwa miguu, pindo la kanzu mkononi, akijisukuma ndani ya gari la mashindano huku simu za watu zikiwa hewani. Safari hii hapakuwa na kahawa. Dadkarim aling'oa fito ya mtende kwenye uzio. Muhanna akavuta uzi ubavuni mwa gari, akauning'iniza mwingine wenye nati kwenye ncha uwe timazi, akalala kwenye lami ya moto. Akapima kutoka uzi mpaka ukingo wa gurudumu, mbele na nyuma, juu na chini, na kila kipimo akakitia alama ya kisu kwenye fito.

"Toka sasa."

Kumtoa kulihitaji watu wawili na dua. Yaarub akaingia. Hapo hata wasiojua spana ni nini walijionea wenyewe: gari lilipumua, likainuka kushoto kama hamali aliyetua mzigo, na fito ikawekwa mahali pale pale na alama hazikukutana na kitu.

"Ona!" mtu akasema. "Kumbe kweli!"

Muhanna akaushika ule mkono wa chuma, akalegeza nati, akazungusha kidogo. Wakalisukuma gari mbele, wakalirudisha, matairi yakae. Akapima. Bado. Akazungusha tena. Ncha ya uzi ilihitaji mtu wa kuishika, na aliyekuwa karibu alikuwa Barghash.

"Vuta, usilegeze."

"Navuta."

"Unalegeza, Bwana Barghash."

"Navuta, wewe mtu!" Na akavuta, amesimama juani, jasho likimdondoka kidevuni. Yaarub akitazama kwenye kioo cha pembeni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe: kaka yake akiamrishwa, na akitii.

Fito ikakubaliana na gurudumu walipokuwa wanaitwa. Muhanna akakaza nati, akaikaza tena, akalisukuma buti kwa kiganja, akasikiliza. Akaupiga kofi mlango wa Yaarub. "Nenda. Kwa leo limekujua wewe."

Hawakurudi kukaa. Walisimama kwenye uzio, watatu. Zedi ikaingia kona ya kwanza kushoto, ikangoja mpaka ikaombwa, ndipo ikateleza. Ikabadili kwenda kulia, na pale ilipogoma mara ya kwanza ikapinda kama kitambaa kinachokunjwa na mtu ajuaye kukunja. Moshi ukawafunika waamuzi. Wengine wote waliutazama moshi. Barghash aliinama kidogo, kope hazipepesi, akiifuata miguu ya nyuma mpaka kona ya mwisho.

"Anakanyaga," akasema taratibu. "Ule wa kushoto nao. Anakanyaga yote."

Muhanna alikuwa ameishika fito mkononi, na hakuitupa.

Yaarub alipita mzunguko ule. Katika uliofuata akakutanishwa na kijana wa Sohar mwenye gari la nguvu kumzidi, akatolewa kwa haki kabisa. Alirudi kichwa chini, akitafuta uso wa kaka yake. Barghash alikuwa ameinama nyuma ya Zedi, bakora kwapani, akiubonyeza ukingo wa tairi la kushoto kwa dole gumba kama anayeshika kiuno cha mbuzi.

"Kesho binamu akija," akasema bila kuinuka, "mpe kahawa. Akitikisa kikombe, mwonyeshe barabara ya Ibri."

Siku hizi gerejini kwa Muhanna mkeka wa kahawa umehamishiwa nje, mlangoni, upande wa Dadkarim. Ukija na gari unakunywa hapo, unakitikisa kikombe chako, ndipo unaingia. Ni sharti la pili, na halijavunjwa na mtu. Barghash hupita karibu kila baada ya mnada, ananuka mbuzi, anajimwaga mkekani na kuchukua nafasi ya watatu. Kikombe hakitikisi hata kidogo. Akisikia nyuzi zinavutwa ndani hunyoosha shingo na kupaza ile sauti yake ya sokoni:

"Baba Jaifar! Nani kakaa kitini?"

"Mwenye kuendesha!" hujibu miguu ya Muhanna kutoka uvunguni.

"Basi endelea," husema Barghash, na kumsogezea Dadkarim kikombe ajazie.